Skrubu Mbili

Jumatatu asubuhi Mwalimu Chola aliirudisha
imefungwa katika kitambaa cha kufutia ubao,
chaki bado imo kwenye mikunjo.
Hakunisalimu. Aliiweka mezani,
kati ya cherehani iliyovunjika mguu
na kufuli la mama muuza makala,
akasema: “Fundi, juzi watoto wanane waliinama kwenye mstari.
Nikavuta. Tik.
Nikavuta tena. Tik.
Wa tatu kutoka kulia akaanza kucheka.
Nikawaanzisha kwa makofi,
kama mtu anayefukuza kuku.”

Ni bastola ya kuanzishia mbio, mtutu wake umezibwa kwa chuma.
Inakula fataki sita, inatoa moshi na kelele, basi.
Ya zamani: nyundo uivute kwa kidole gumba,
ndipo gurudumu lisogee chumba kimoja,
ndipo kifyatulio kipate kitu cha kuachilia.
Haikupi mawili kwa moja.
Kila mlio uuombe peke yake.

Wiki iliyopita niliifungua mimi.
Nilitoa kutu, nilibadili springi bapa iliyochoka,
nikasugua kwa msasa mpaka nikaiona pua yangu ndani ya chuma.
“Mwape,” nilimwita binti yangu, “njoo uone kazi.”
Alikuwa anasonga bukari. Hakuja.

Sasa naanza upya, kwa masikio.
Bastola ya namna hii ikiwa nzima,
ukiivuta nyundo polepole, husema maneno manne.
Hii inasema matatu, la nne inalimeza.
Gurudumu linasimama kabla halijafika,
nyundo inaangukia ukingo wa fataki,
mgeni anayebisha ukutani
na mlango uko pale, hatua moja kushoto.

Nikashuku springi. Nikaitoa, nikaipinda kidogo, nikairudisha. Tik.
Nikashuku kile kidole kidogo kinachosukuma meno ya gurudumu,
nikakitazama kwa lensi: hakijalika.
Nikashuku vumbi la mgodi,
hili linaloingia hata kwenye chumvi.
Nikamshuku fundi wa kwanza, marehemu, hawezi kujibu.
Nikamshuku Mwalimu mwenyewe: labda gumba lake limezeeka.
Nusu ya Lubumbashi ilipita mbele ya baraza langu jioni ile
nikiwa hakimu.
Mimi sikujiita.

Umeme ukakatika.
Mwape akaleta tochi, akaketi,
akaokota skrubu mbili za ubavuni
akazipima kiganjani
jinsi anavyopima ndagala kabla hajalipa.
“Baba, hizi si mapacha.”

Moja ilimzidi mwenzake kwa unene wa ukucha.
Nilikuwa nimezitoa pamoja,
nikazilaza katika kifuniko kimoja cha soda,
nikazirudisha bila kuuliza nani katoka nyumba gani.
Ile ndefu ikaingia kwa ile fupi,
ncha ikatokeza ndani, ikaegemea komeo la gurudumu,
haikuvunja kitu,
iliegemea tu.

Nikazibadilisha. Nikavuta.
Moja. Mbili. Tatu.
Nne.

Sikuweka fataki.
Usiku, katika mtaa wetu wa Kenya,
mlio kama ule unaanzisha mbio nyingine.

Asubuhi nikaipeleka uwanjani.
“Ilikuwa nini?” akauliza Mwalimu.
Springi, ulimi wangu ulishaliandaa neno,
springi za siku hizi, Mwalimu, unajua.
Mwape alisimama nyuma yangu na tochi iliyozimwa.
“Ilikuwa mimi,” nikasema.
Akanitazama, akaitazama bastola,
kama anayetafuta niliingilia wapi.

Kisha akapakia fataki, akainua mkono.
Watoto wanane waliinama.
Wote waliokuwepo walitazama miguu yao.
Mimi nilitazama gurudumu.